Mliojifungua karibuni, mna kazi gani ya mikono? Mie nimerudi kwenye kusuka ukili, ule ukanda wa kushonea mikeka

Binti_Konde (mleta uzi)

Assalaam aleikum, na habari za saa hizi kwa wote.

Uzi ni mrefu, asiye na subira ajipitie zake. Majukwaa ya wazazi nayasoma sana, na huko kote ni maziwa hayatoki, mtoto halali, chanjo imemtia homa. Sawa, ni mambo ya msingi. Ila sijaona mtu akiuliza huyu mama mwenyewe mikono yake inafanya nini pale inapokuwa haijabeba mtoto.

Kwetu mzazi ndani ya arobaini hagusi sufuria. Anakandwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anateremshiwa uji wa pilipili manga mpaka auchukie. Nyumba haipungui watu. Shida yangu mie ilianza siku ya arobaini na moja. Mama karejea Pemba na boti, wifi kenda kwake, anayekanda kapewa chake kaondoka, mume yuko kazini hadi magharibi. Nimebaki Fuoni, hapa Unguja, na mtu ambaye hajui hata kucheka bado. Mashoga zangu wa kazini wanatuma "hongera mama" na picha ya maua, basi. Si kwamba hawanipendi. Hawajui waje kufanya nini.

Jirani yangu wa mbele ni bi mkubwa, kila baada ya laasiri anatoka barazani na furushi lake la ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, lililofungwa kwenye kipande cha kanga kibichi. Siku moja nikatoka na mtoto mabegani kutafuta upepo, nikakaa, nikamwomba anipe ncha nijaribu. Akanitazama vile wazee wanavyowatazama watu wa ofisini, akanipa.

Wallahi vidole vilikuwa vinajua. Mie nimekulia Konde, Pemba, kwa bibi, na kwa bibi ukirudi chuoni (madrasa) jioni huchezi mpaka usuke ukili wa pima moja. Nilikuwa nauchukia! Nikaenda sekondari, nikasoma mahesabu, nikaajiriwa, nikasahau kabisa kwamba nilishawahi kutengeneza kitu kinachoshikika. Kazi yangu yote iko kwenye kompyuta, ukizima imezima.

Kwa wasioujua: ukindu mkavu ukiusuka hivyo hivyo unakatika. Unaulowesha kidogo, unaufunga kitambaani ulainike, ndipo unachana. Bi mkubwa anachana kwa ukucha wa dole gumba, anautia mwanzoni mwa jani anavuta mara moja, chane zinatoka sawasawa utadhani zimepimwa. Mie ukucha wangu mlaini, natumia pini. Kisha unapanga chane, unaanza kupitisha, moja juu moja chini. Chane ikikaribia kuisha unachomeka nyingine juu yake, kincha cha ile ya zamani kinabaki nje nyuma, utakikata mwisho. Ukindu mbichi una harufu ya majani baada ya mvua, na ile harufu tu ilinitoa machozi siku ya kwanza, na sikuwa na huzuni yoyote siku hiyo.

Sasa uzuri wake kwa mwenye mtoto mchanga. Hauhitaji meza, umeme wala kimya. Mtoto akilia unautupa chini, unanyonyesha, ukirudi unaukuta palepale, haukuungua wala haukuchacha. Tena nepi nilizofua asubuhi jioni zimeshachafuka zote, lakini ukili wa jana upo, na leo umerefuka kidogo. Nyinyi mliozaa mnajua thamani ya kitu kilichorefuka kidogo.

Ila hayo yote ni nusu. Nusu ya pili ni watu. Alianza kuja mama mmoja wa nyumba ya nyuma, ana mtoto amemzidi wangu wiki chache tu, na tulikuwa hatujawahi kusalimiana vya maana. Alikuja kumwomba bi mkubwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, ashonee mfuko. Akakaa. Kesho yake akarudi na shazia, akakaa tena. Mtu mzima hawezi kuja mlangoni kwako akasema "nimekuja kwa sababu niko peke yangu nataka kulia." Lakini kuazima shazia anaweza.

Sasa tuko watano, mmoja wetu hana mtoto hata, kafuata kicheko. Nimegundua kwamba ukishika ukili macho yanakuwa chini, na macho yakiwa chini maneno yanatoka. Yupo aliyetwambia, huku anachomeka chane, kwamba wiki za mwanzo alikuwa anamwangalia mwanawe haoni kama ni wake. Hakuna aliyenyanyua uso. Bi mkubwa akamwambia tu, "Lete nikuanzie hapo umekosea," akamrekebishia, akamrudishia, akaendelea, "Hata mie wa tatu nilikuwa hivyo." Yale maneno mngeyatoa mmekaa uso kwa uso kwenye viti, na chai mezani? Mie nisingeweza.

Basi nataka kusikia yenu. Kufuma, kudarizi, kushona, udongo, chochote. Ombi moja: msiniambie niufanye biashara.

---

Chai_ya_Rangi

Naweka kambi hapa. Mwenye mkeka atandike.

---

MamaPacha_Tanga

Shikamoo uzi mzuri.

Mimi ni vitambaa vya kufuma. Cheka ukitaka. Wa umri wetu mnakumbuka sebule za miaka ya tisini: kochi lina kitambaa, meza ina kitambaa, tivii ina kitambaa, hadi redio ilikuwa na chake chenye pembe zinazoning'inia. Mama yangu alifuma vyote hivyo, nikaapa nyumba yangu haitaingia hata kimoja.

Nimezaa mapacha. Wakilala wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra kuliko kupatwa kwa jua, naogopa kunyanyuka kitandani kitanda kisije kulia. Nilikuwa nashika simu. Nikishika simu naona wanawake waliojifungua juzi wana viuno, nikitoka hapo roho imesinyaa. Mama akanitumia kwa basi boksi lake la nyuzi na ile sindano yake ya ndoano, ya chuma, imesuguka mpaka inang'aa. Akanifundisha kwa simu ya video, ananigombeza kama darasa la pili: "Umeruka tundu! Fumua!"

Kufumua ndiko kulikonifaa. Unavuta uzi, mstari mzima unayeyuka, na hakuna aliyeumia. Tangu nizae kila nilichokuwa nafanya naona nikikosea nitaua mtu.

Na nikwambie, mimi na mama hatukuwa tunaelewana sana. Sasa tunaongea kila siku, na mada ni matundu.

---

Baba_Wawili

Mleta uzi hongera, lakini nitakuwa mkweli kidogo. Watalii wamejaa Unguja, mikoba ya ukindu inauzwa hotelini kwa bei ya kutisha, nyie mko watano mna ujuzi na mnakaa barazani kupiga soga? Fungueni ukurasa, mpige picha, mtafute mtu wa Nungwi awe anachukua mzigo. Kipato kikiingia hata hiyo sonona inakimbia yenyewe.

---

Binti_Konde

@Baba_Wawili nilijua utakuja, na nilishaomba.

Tulijaribu kwa agizo moja. Mtu alitaka kawa za kufunikia vyakula vya harusi, za rangi mbili, na tarehe. Tukakubali kwa furaha. Wiki ile baraza ikawa kama chumba cha mtihani, kila mtu kainamia lake, anahesabu. Yule aliyekuwa polepole akaanza kuomba radhi, kisha akaacha kuja, akasema mtoto ana mafua. Mtoto hana mafua wala nini, kaona aibu. Tulipomaliza tukagawana fedha, ukitoa ukindu na rangi kilichobaki hakikufika nauli ya maana, na ilituchukua siku kadhaa kumrudisha mwenzetu.

Sisemi kuuza ni kubaya. Bi mkubwa mwenyewe amesomesha watoto kwa mikeka, ndiyo maana sitaki mtu adharau. Lakini hata yeye ana mpaka wake. Mkeka wa kuuza anausuka asubuhi, ndani, mlango umerudishwa. Wa jioni barazani ni wa kwake, anamsukia mjukuu, na akiufumua mara tatu hakuna anayemdai. Yeye anajua tofauti kuliko sisi wenye vyeti.

Tatizo letu sasa hivi mwanamke akionekana ameshika kitu kizuri, swali la kwanza ni "unauza bei gani?" Baba_Wawili unacheza mpira Jumamosi, nani amekuuliza unalipwa shilingi ngapi?

---

Chai_ya_Rangi

Hapo kwenye mpira kapigwa.

---

Baba_Wawili

Nimekubali yaishe 😂. Ila mke wangu akianza nitauza mimi.

---

Zamu_ya_Usiku

Ni muuguzi, wodi ya wazazi, sitataja wapi.

Naunga mkono kila kitu mlichoandika, naomba tu niongeze jambo kwa sababu neno sonona limetajwa juu juu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufika asilimia 19.8. Yaani katika baraza la wazazi watano, anaweza kuwapo mmoja.

Kulia lia siku za mwanzo, hasira za ghafla, ni jambo la kawaida, homoni zinashuka, na kwa wengi hupita ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mama halali hata mtoto akilala, hali chakula, haoni raha ya chochote, au anapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huyo ni wa kwenda kituo cha afya, na hilo la mwisho ni siku hiyo hiyo. Akifika, aulizwe vizuri. Lipo dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1987, linatumika sehemu nyingi duniani na limeshatafsiriwa Kiswahili. Halichukui hata dakika kumi.

Ukili hauponyi sonona. Ila huyo mama aliyesema haoni mtoto kama wake, kwangu mimi asingesema. Nina wagonjwa wengi, nimesimama, nina faili mkononi, namuuliza "unaendeleaje?" anajibu "salama". Barazani alisema. Kwa hiyo nyie mnaokaa na wenzenu huko ndio mnaosikia kwanza, mkisikia zaidi ya hapo mshikeni mkono mje naye.

---

Binti_Konde

@Zamu_ya_Usiku ahsante sana, Mungu akuzidishie. Huyo mwenzetu alikwenda, bi mkubwa ndiye aliyempeleka. Anaendelea vizuri alhamdulillah.

---

Mwende_wa_Mua

Niko Machakos. Sisi huku Ukambani ni kiondo, na wala hatungoji baraza. Nyanya yangu alikuwa anasuka akitembea kwenda sokoni, mtoto mgongoni, kiondo kikining'inia kifuani na nyuzi zinamwagika kama ndevu. Ukimsalimia anajibu bila kuangalia mkono.

Zamani nyuzi zilitoka kwenye gome la mbuyu, baadaye makonge, na makonge unayasokota kwa kuyaviringisha juu ya paja mpaka paja linakuwa jekundu. Mimi nimejifungua Januari, ngozi yangu haitaki kusikia hayo, kwa hivyo nanunua uzi uliosokotwa tayari. Nyanya akiwa hai angenicheka. Unaanzia kitakoni, unapishanisha nyuzi za kusimama kama msalaba, halafu unazunguka, unazunguka. Mtoto wangu anatulia nikizunguka kwa sababu mwili wangu unatikisika kidogo, sijui. Ukisimama tu anafungua macho.

Swali kwa mleta uzi: hamgombani? Sisi tulijaribu kikundi cha wamama kanisani, mwezi wa pili tukaingiza michango, wa tatu kukawa na mweka hazina, wa nne hakuna kikundi.

---

Binti_Konde

@Mwende_wa_Mua umenichekesha peke yangu usiku huu. Hatuna mwenyekiti, hatuna michango, hatuna jina. Asiyekuja haulizwi. Ugomvi upo mdogo mdogo, kubwa lilikuwa mtu kukata ukindu wa mwenzie. Sasa kila mtu na kanga yake ya kufungia, hata ukiwa na kiza unajua furushi la nani.

---

Siku84

Samahani nitaharibu sherehe. Haya mambo ni ya wenye muda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 huku bara inanipa likizo ya uzazi siku 84, mwenye mapacha siku 100, zimekwisha kama mvua ya Dodoma. Naamka saa kumi, nakamua maziwa, naacha mtoto kwa dada, narudi saa moja usiku. Baraza lenyewe sina, nakaa ghorofa ya tatu. Mkianza kusema "mama rudisha ubunifu wako" mnaniongezea kazi kwenye orodha.

---

MamaPacha_Tanga

@Siku84 pole mwaya. Mie sikujibu kama mwenye muda maana sina. Ila swali: zile saa mbili unazo? Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi hatuombi.

---

Siku84

Sikuzijua. Nitauliza. Bosi atanuna lakini nitauliza.

---

Binti_Konde

@Siku84 hujaharibu kitu, umesema kweli na mie likizo yangu ilipokaribia kwisha niliogopa. Sitakwambia usuke. Ukiwa na muda wa kulala, lala, ukili hautakimbia. Ninalosema ni kwamba nilikuwa naamini sina nafasi ya kitu changu, kumbe nafasi ilikuwa inaliwa na simu. Kama yako haipo, haipo. Na ghorofani mna ngazi. Mie ningekaa kwenye ngazi nione nani anapita na mtoto.

---

Mswahili_Aarhus

Nasoma nikiwa Denmark, nimejifungua huku, naomba niwape ya huku.

Huku muuguzi wa manispaa anayekuja nyumbani kukagua mtoto ndiye anayewaunganisha wazazi. Anawakusanya kina mama wa mtaa mmoja waliojifungua karibu karibu, anawapa namba za wenzao, mnaanza kukutana majumbani kwa zamu. Nilipoambiwa nikafikiri ni kikao. Nikavaa vizuri! Nimefika nimekuta wanawake wanne, soksi zimetoboka, wamelala chini na watoto, na watatu wanafuma masweta. Kufuma huku ni kama dini, unaona hadi wasichana wadogo kwenye treni.

Kidenishi changu kilikuwa cha dukani tu. Nisingeweza kuwahadithia chochote. Lakini nilikuwa na sindano na foronya ninayodarizi, nilijifunza shuleni kwetu Songea enzi za maarifa ya nyumbani, maua mekundu na "Lala Salama" katikati. Nikaitoa. Wakaacha kufuma, wakaishika, wakageuza nyuma kuona mafundo. Kwa washonaji wote duniani mtu akigeuza nyuma ya kazi yako basi amekuheshimu. Mmoja akaniomba nimfundishe lile ua, tumekuwa marafiki hadi leo, mtoto wake anajua kusema "shikamoo".

Kwa hiyo serikali ya huku ilinipa namba za simu, urafiki ulianzia kwenye foronya. Huko kwetu baraza mnalo bure, mnalipa kwa kutolitumia.

---

Chai_ya_Rangi

"Lala Salama" ya maua mekundu!! Nilikulia juu ya hiyo foronya. Ua lilikuwa linakuachia chapa shavuni asubuhi.

---

Ummu_H

Niko Mombasa, nimefurahi. Mimi nashona kofia za viua, nimefunzwa na khalati. Ni tundu ndogo ndogo unazizungushia uzi mpaka zisimame, maelfu. Nina swali la usalama. Mtoto wangu kaanza kutambaa na kila kitu mdomoni. Nyinyi wa ukili rangi zile za kuchemsha si zinachujuka? Na shazia mnaziweka wapi?

---

Binti_Konde

@Ummu_H mashallah, kofia ni kazi ya macho, mie siiwezi.

Rangi: za unga zile, unachemsha maji, unatia rangi, unatumbukiza ukindu unaugeuza hadi ukolee, unaosha kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, unaanika kivulini. Zikioshwa vibaya zinachujuka, ndiyo, na mate ya mtoto ndiyo yanayozichujua kwanza. Kwa hiyo chochote atakachokaa juu yake mtoto mie nasuka kwa ukindu mweupe mtupu. Haupendezi kwenye picha lakini silali na wasiwasi. Wa rangi tunatundika ukutani. Na kuchemsha hatuchemshi mtoto akiwa karibu, anafanya yule wa tano asiye na mtoto, anasema ndiyo ada yake ya uanachama.

Shazia: ikitoka inahesabiwa, ikirudi inahesabiwa. Bi mkubwa anazichomeka kwenye kifundo cha nguo na kukining'iniza msumarini juu kabisa. Tukitaka kuondoka hatunyanyuki mpaka azione zote. Vincha tulivyokata tunafagia hapohapo, maana vinachoma na mtoto akivitia kooni ni balaa.

---

Mwende_wa_Mua

Na ukimaliza ukili mrefu unaufanyaje uwe mkeka? Huku tunauona tu ukiwa tayari.

---

Binti_Konde

Unaushona ubavu kwa ubavu kwa shazia, ukizunguka, hadi uwe kama pipa lisilo na kitako. Kisha unalikata kwa urefu, linafunguka, unapiga pindo kwenye kingo. Ile siku ya kukata kila mtu anashika pumzi, kisu kikienda upogo umeharibu wa miezi. Wangu bado uko hatua ya pipa. Mtoto anapita katikati yake kwa kutambaa, anatokea upande wa pili, anarudi, na kwa sasa hanipi nafasi ya kuukata.

---

Siku84

Nimekaa kwenye ngazi leo jioni. Ghorofa ya pili kuna mama ana mtoto wa miezi minne, anashona maua ya vitenge kwa mkono. Ameniuliza kama nina mkasi.

---

Chai_ya_Rangi

Ulikuwa nao?

---

Siku84

Sikuwa nao. Nikapanda juu nikaazima kwa dada, nikashuka.